Moja Kati ya Milioni: Shahidi wa Kutoka Nyumbani

Mlango wa mahakama ulifunguka, na aliyeingia alikuwa Kitinda.

Wiki nzima mmenisumbua kwa simu. Nani kaingia? Nani huyo aliyemfanya Profesa aangushe miwani yake? Haya, shikeni jibu lenu: ni mdogo wake wa tumbo moja. Mkemia Mkuu wa maabara ya serikali, kitinda mimba wa mama yao, aliyelelewa na Profesa mwenyewe tangu akijikojolea. Asubuhi ile ile wamekunywa chai meza moja, na bwana mkubwa huyu akafuta mdomo akasema, "Dada, leo nina semina."

Semina! Semina gani ya kwenda kumfunga mtu maisha?

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nasema mara moja tu. Mfamasia aliuawa jioni moja ndani ya duka lake la dawa, ghorofa ya tatu. Muuaji alivunja kioo cha kabati, akajikata, akaacha damu. Polisi wakamkamata Fundi Lifti kwa sababu jioni hiyo alikuwa jengo hilo hilo akitengeneza lifti. Hakuna aliyemwona akiingia dukani. Hakuna kitu cha marehemu kilichokutwa kwake. Kuna damu tu. Damu hiyo ikithibitika kuwa yake, Fundi anakwenda jela mpaka afe, na mkewe, yule mwenye mimba kubwa anayekaa benchi la mbele, atazaa mtoto wa kumwonyesha baba kupitia nondo.

Anayemtetea ni Profesa. Anafundisha sheria ya ushahidi chuo kikuu, na wanafunzi wake wanamwita Mama Ushahidi, jina analojifanya halijui. Nusu ya maisha yake ameimaliza akigombana na wataalamu wanaokuja mahakamani na namba ndefu za kuwatisha majaji.

Sasa mtaalamu wa leo ametoka nyumbani kwake.

"Profesa, kuna tatizo?" Jaji aliuliza.

"Mheshimiwa, shahidi huyu ni mdogo wangu."

Ukumbi ukavuma. Wakili wa Serikali, yule tunayemwita Bwana Suti, hakushtuka hata kidogo. Alirekebisha tai yake, akasema kwa huruma ya uongo, "Mheshimiwa, Serikali inaelewa. Kama mwenzetu anaona uzito, hatuna pingamizi akijitoa katika kesi hii."

Hapo ndipo Profesa alipouelewa mchezo. Maabara ile ina wakemia wengi. Bwana Suti angeweza kumleta yeyote. Amemchagua huyu makusudi, ili dada aone aibu, afunge mkoba wake aende zake, na Fundi abaki peke yake kizimbani. Mawakili watatu walikuwa wamemkimbia Fundi kabla ya Profesa. Hakukuwa na wa nne.

Hasira zikampanda Profesa mpaka masikio yakawaka. Lakini alipoongea, aliongea taratibu, na wanaomjua wanajua kwamba taratibu yake ndiyo mbaya.

"Sijitoi."

"Una hakika?" Jaji alimkazia macho.

"Mheshimiwa, kama yeye ameona sawa kuja, mimi naona sawa kumpokea."

Kitinda akaapa. Hakumtazama dada yake. Alisimama kwenye kile kisanduku cha mashahidi na suti ya kijivu ambayo Profesa ndiye aliyemnunulia siku alipopandishwa cheo, akaanza kueleza.

Tumpe haki yake, alieleza vizuri. Alionyesha mchoro uliotoka kwenye mashine ya kupima vinasaba: mstari mrefu wenye vilima vilima. Kila kilima kina namba. Mchoro umegawanywa vituo, na katika kila kituo mtu ana namba mbili, moja karithi kwa baba, moja kwa mama. Akalinganisha namba za damu ya kwenye kioo na namba za Fundi. Zikafanana.

"Nafasi ya mtu baki kufanana na damu hii ni moja kati ya milioni," alisema.

Bwana Suti akageukia umati kidogo, kama mtu anayetaka kupigwa picha. "Tuiseme kwa lugha ya mtu wa kawaida, Mtaalamu. Nafasi ya kwamba huyu bwana hana hatia ni moja tu kati ya milioni. Sivyo?"

Kitinda alisita. Nawaambia alisita, msije mkasema nimemwonea. Kisha akasema, "Ndiyo. Tunaweza kusema hivyo."

"Hamwezi!"

Profesa alikuwa ameshasimama. Kiti chake kilianguka nyuma na hakuna aliyethubutu kukiinua.

"Profesa, utapata zamu yako," Jaji alisema.

"Naiomba sasa hivi, Mheshimiwa, kabla uongo huu haujapoa ukaonekana chakula."

Akapewa. Akatembea hadi mbele ya mdogo wake, akasimama karibu kiasi cha kunusa ile ile sabuni ya nyumbani kwao.

"Mtaalamu, ng'ombe ana miguu mingapi?"

"Pingamizi!" Bwana Suti aliruka. "Mheshimiwa, tumefika kwenye ng'ombe?"

"Jibu swali," Jaji alimwambia shahidi. Nadhani na yeye alitaka kujua linakoelekea.

"Minne," Kitinda alisema.

"Nikikwambia nyuma ya ukuta ule kuna ng'ombe, una hakika gani kwamba ana miguu minne?"

"Hakika kabisa."

"Nigeuze sasa. Nikikwambia nyuma ya ukuta ule kuna kitu chenye miguu minne, una hakika gani kwamba ni ng'ombe?"

Kitinda akautazama ukuta.

"Hata meza aliyoiegemea Bwana Wakili ina miguu minne," Profesa alisema. "Tuikamue?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Suti akaondoa mkono wake mezani haraka, halafu akajuta kuuondoa, akaurudisha.

Profesa hakucheka. "Namba yako inasema kwamba ukimwokota mtu yeyote barabarani, nafasi ya kufanana na damu hii ni moja kati ya milioni. Haikusema lolote kuhusu hatia ya Fundi. Umeigeuza kichwa chini miguu juu kumfurahisha aliyekuita. Nchi hii ina watu milioni ngapi?"

"Makumi."

"Kwa hiyo kuna makumi ya watu wenye namba hizi hizi. Umewapima?"

"Hapana."

"Umempima nani?"

"Niliyeletewa."

"Niliyeletewa!" Profesa aliirudia ile kauli kama mtu aliyetemewa mate. "Mheshimiwa, mtu anakwenda jela maisha yake yote kwa sababu ndiye aliyeletwa!"

Jaji akatazama saa ya ukutani, akasema mahakama iende mapumzikoni. Nadhani na yeye alitaka hewa kidogo.

*

Nje ya ukumbi, kwenye ule ujia mrefu wenye mabenchi ya mbao na harufu ya dawa ya kupigia deki, Mama yao alikuwa anasubiri.

Kitinda ndiye aliyemwita. Mtu mzima, Mkemia Mkuu, na bado akibanwa anakimbilia kwa mama! Mimi nisiseme sana, na nyie mnao wa namna hiyo majumbani kwenu.

"Mwanangu," Mama alianza, "umemuuliza mdogo wako habari za ng'ombe mbele za watu, kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Angejibu kama mtu mzima, Mama, nisingemuuliza kama mtoto."

"Damu nzito kuliko maji."

"Naijua hiyo, Mama. Lakini mke wa Fundi hakunywa maji akapata ile mimba. Na wao wana damu."

Mama akapiga kite. Kitinda akaja mbio kutoka maliwatoni, mikono bado ina maji, naye kakasirika sasa.

"Dada, unaniaibisha! Watu wa ofisini kwangu wako mle ndani!"

"Nikuaibishe mimi? Wewe si uko semina?"

"Niliamriwa nisikuambie."

"Na ukatii. Ukakaa mezani kwangu, ukaniomba sukari, ukatii."

"Hujui kazi ya maabara, Dada! Unajua vitabu tu. Ile damu ilikaa kwenye joto, imeharibika. Mchoro wake ni fujo tupu, vilima vimetapakaa kila mahali. Kama nisingekuwa na namba za Fundi pale mezani, ningejuaje kilima kipi ni mtu na kipi ni takataka?"

Profesa alikuwa anafungua chupa ya maji. Akaacha.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulikuwa na namba za Fundi mezani wakati unausoma mchoro wa damu."

"Polisi walizileta pamoja. Kila mtu anafanya hivyo, Dada. Ndiyo kazi ilivyo."

Jamani, mimi nilipoelezwa jambo hili mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Hebu fikirini. Una mchoro uliojaa vilima na hujui vipi vya kweli. Pembeni umewekewa namba za mtu ambaye polisi wanamtaka. Kilima kikilingana na namba zake, unasema ndicho. Kisipolingana, unasema takataka. Ukimaliza unashangaa jinsi vilivyofanana! Na hapo hujasema uongo hata mmoja. Unalala usingizi wako vizuri, na mwenzako analala sakafuni rumande.

"Nilikufundisha hesabu kwa vizibo vya soda," Profesa alisema polepole. "Nikigeuka tu, ulikuwa unachungulia majibu nyuma ya kitabu. Nikakupiga kofi."

"Ulinipiga makofi mengi."

"Naona hayakutosha."

"Dada, sikiliza." Sauti ya Kitinda ilishuka. Hasira zilimtoka zote, ikabaki hofu. "Usiniulize hilo mle ndani. Tafadhali. Ukiniuliza hilo, kila kesi niliyowahi kusoma itafunguliwa upya. Nitakwisha."

"Kuna watu walioko jela kwa namna hiyo?"

Kitinda akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nakuuliza, Kitinda! Kuna watu?"

"Mwache mwenzako!" Mama alisema. "Kuzaa nimezaa mimi, lakini huyu umemlea wewe. Unamlea halafu unamvua nguo hadharani?"

"Ndiyo, Mama, nimemlea. Ndiyo maana hasira hizi haziniishi. Angekuwa wa watu, ningekasirika nikaenda kulala."

Mke wa Fundi alikuwa amekaa benchi la pili, amejishika kiuno. Alikuwa amesikia zaidi ya alichotakiwa kusikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Profesa, kumbe ni ndugu yako. Basi si umwombe atuhurumie?"

"Sitaki akuhurumieni, mwanangu," Profesa alisema. "Nataka asome vizuri, basi."

*

Waliporudi ndani, Profesa hakuwa na faili mkononi. Alikuwa na rula. Rula ya plastiki ya watoto wa shule, aliyoiazima kwa karani wa mahakama.

"Mtaalamu, namba za Fundi unazikumbuka kwa kichwa?"

Kitinda aliitazama ile rula kama nyoka. "Nina kesi nyingi sana. Siwezi."

"Vizuri. Namwomba karani achukue karatasi ya namba za Fundi, aifungie kwenye droo yake."

Karani akafanya hivyo. Droo ikalia kwa kukosa mafuta.

"Wakati ulipousoma mchoro wa damu mara ya kwanza, karatasi hiyo ilikuwa wapi?"

Kitinda alitazama nyuma alikokaa Mama yao. Kisha akatazama mikono yake.

"Ilikuwa mezani kwangu."

Makelele yakazuka. Jaji akagonga nyundo yake. Bwana Suti akaanza kuandika kitu kwa kasi, kitu kisicho na maana yoyote, ili tu asionekane uso.

"Maabara yenu ina kanuni kuhusu urefu wa kilima?"

"Ipo. Kilima kisichofikia mstari wa chini hakihesabiwi."

"Mstari mmoja kwa mchoro mzima?"

"Inatakiwa."

"Uliuchora?"

"Nilikadiria kwa macho."

"Kwa macho!" Profesa alimgeukia Jaji. "Mheshimiwa, mshonaji akikata kitambaa chako kwa kukadiria kwa macho, utampeleka polisi. Naomba shahidi auchore mstari sasa hivi, kwa rula, mbele yetu sote, bila namba za mtu yeyote pembeni. Kisha asome."

"Pingamizi! Hapa ni mahakama, si darasa!"

"Limekataliwa," Jaji alisema. "Kaa chini, Wakili. Mimi nataka kuona."

Kitinda akachukua rula. Akailaza juu ya mchoro, akaishikilia kwa vidole viwili. Akachora. Profesa aliyekuwa karibu aliona kilichotokea: vilima kadhaa, vile ambavyo asubuhi vilikuwa ni Fundi, vikabaki chini ya mstari. Na vingine, ambavyo asubuhi vilikuwa takataka, vikasimama juu yake.

"Soma."

"Kituo cha kwanza. Kumi na nne, kumi na saba."

"Karani, za Fundi?"

Droo ikalia. "Kumi na moja, kumi na nne."

"Cha pili."

"Nane, tisa."

"Karani?"

"Sita, sita."

Mke wa Fundi akatoa sauti, si kilio wala si kicheko. Fundi mwenyewe alishika nondo za kizimba kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Profesa hakuwatazama. Bado alikuwa na hasira za kutosha mpaka kituo cha mwisho.

"Endelea, Mtaalamu. Cha tatu."

Kitinda akasoma cha tatu. Akasoma cha nne, taratibu zaidi. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na Profesa alidhani ni aibu. Ilimfurahisha kidogo, nisiwafiche.

Cha tano. Cha sita.

"Mtaalamu," Jaji alisema ghafla, akiwa amejiinamia mbele. "Mbona huangalii karatasi?"

Kila mtu akamtazama Kitinda. Kweli. Macho yake yalikuwa ukutani, mbali na mchoro, na bado namba zilikuwa zinamtoka. Jaji akauvuta mchoro, akafuatisha kwa kidole. Namba zote zilikuwa sahihi.

"Umeapa hapa kwamba namba za Fundi huzikumbuki."

"Hizi si za Fundi, Mheshimiwa."

"Ni za nani?"

Kitinda alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ni zangu."

*

Karani aliacha droo yake wazi.

"Zako namna gani?" Jaji aliuliza.

Ikabidi aeleze, na alieleza kwa kigugumizi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mashine ya maabara hujaribiwa kwa sampuli ambayo majibu yake yanajulikana, ili waone kama inasoma sawasawa. Sampuli hizo huagizwa kutoka nje. Zilipokwisha, nyingine hazikuja. Basi Kitinda akaanza kutumia mate yake mwenyewe. Asubuhi baada ya asubuhi, namba zake zikawa zinamtoka kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha. Hakuwahi kuziona kwenye damu hii kwa sababu hakuzitafuta. Alikuwa anamtafuta Fundi.

Kwa muda mrefu Profesa alikuwa anausubiri ushindi huu, na sasa umekuja umemshika mdogo wake kooni.

Bwana Suti ndiye aliyezinduka wa kwanza. Watu wa namna hiyo huwa hawakosi pa kukanyaga. Alimgeuka shahidi wake pale pale, bila haya.

"Mheshimiwa, naomba askari asogee karibu na shahidi! Mtaalamu, nafasi ya mtu baki kufanana na damu hii uliisema mwenyewe?"

"Nilisema, lakini..."

"Ni ngapi?"

"Moja kati ya milioni."

"Kwa hiyo nafasi ya kwamba wewe huna hatia ni..."

"Siyo hivyo!" Kitinda alipiga kelele. "Haihesabiwi hivyo! Unaigeuza!"

"Mkuki kwa nguruwe!" mzee mmoja alidakia kutoka nyuma, na nusu ya ukumbi ikamalizia methali. Jaji akagonga nyundo mpaka kikombe chake cha kalamu kikaanguka.

Profesa akapata sauti yake. "Mheshimiwa, kumtoa mtu hakuhitaji milioni. Namba za Fundi hazimo kwenye damu ile. Mwachie mteja wangu."

"Taratibu, Profesa." Jaji hakuwa mjinga, na hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. "Yapo mambo mawili tu hapa. La kwanza, mate ya shahidi yalivuja kwenye mashine, yakaifunika damu ya kweli. Kama ni hivyo, yeye hana kosa zaidi ya uzembe. Lakini damu ya muuaji tutakuwa hatujaisoma bado, na Fundi atarudi rumande mpaka ipimwe upya. La pili, hakuna kilichovuja. Hapo Fundi anatoka leo kwa mlango ule, na mdogo wako anakaa pale alipokaa yeye. Shahidi ni wako. Muulize."

Profesa alimsogelea Kitinda, akajifanya anaokota rula. Wakawa uso kwa uso.

"Ni mate yako ya asubuhi," alinong'ona. "Yamechafua damu. Sema hivyo. Ndiyo kweli, si ndiyo?"

Midomo ya Kitinda ilicheza kidogo tu.

"Dada, wiki ile mashine yetu ilikuwa mbovu."

"Unasemaje?"

"Ile damu ilipimwa maabara nyingine. Ilitoka polisi ikaenda huko moja kwa moja. Mimi nililetewa mchoro tu. Sikuigusa."

Profesa akasimama wima, rula mkononi.

Upande huu alikuwa Fundi, ameinua kichwa, hajui kilichonong'onwa lakini anajua kwamba maisha yake yote yamo katika swali linalofuata. Nyuma yake mkewe, mikono tumboni. Upande ule alikuwa mtoto aliyebebwa na Profesa mgongoni, akafundishwa kuhesabu, akasomeshwa, akavishwa suti ya kijivu. Angeweza kuuliza swali jepesi. Angeweza kuuliza, "Je, mate huweza kuchafua sampuli?" Kitinda angejibu ndiyo, wote wangerudi nyumbani kula meza moja, na Fundi angerudi rumande kusubiri, na ni nani angejua?

Kuchungulia jibu, halafu kuchagua swali la kulifikia. Ndicho alichokuwa anamgombeza mdogo wake tangu asubuhi.

Hasira zilimrudia Profesa, na safari hii hakujua zimwendee nani. Kwa Bwana Suti, kwa maabara isiyo na sampuli, kwa huyu mpumbavu aliyejificha nyuma ya semina. Na kuna swali lingine lilikuwa linamchoma nyuma ya hilo, swali ambalo hakutaka hata kuliwaza: jioni ile mfamasia alipouawa, Kitinda alirudi nyumbani saa ngapi? Na kwa nini kesho yake alikaa mezani mkono mmoja mfukoni?

"Profesa," Jaji alisema. "Mahakama inakusubiri."

Profesa hakumwita Kitinda. Alimwita kama anavyowaita wengine wote.

"Mtaalamu, umeapa kusema kweli. Damu hii ilipimwa kwenye mashine ya maabara gani?"

Kitinda akafungua mdomo.

Na kutoka benchi la nyuma kabisa Mama yao akainuka, akapiga ukelele uliowageuza askari wote kichwa:

"Kitinda, usijibu!"